Swichi ya tatu: kisa cha raki ya mtandao isiyokuwa na ardhi

Simu iliingia Jumapili jioni. Mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Bukoba mjini, alikuwa na ombi fupi: swichi ya mtandao imeungua tena, nipeleke nyingine na nimtajie bei. Hilo neno "tena" ndilo lililonizuia kutaja bei. Nilipomuuliza zaidi akasema ni ya pili ndani ya mwaka mmoja, na zote mbili zilikufa mvua zilipokolea. Nikamwomba anilipie nauli tu, nikaone kwanza.

Swichi iliyokufa, kile kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao, nilikabidhiwa ikiwa kwenye mfuko wa rambo. Nikaiwasha mezani. Haikuwa imekufa yote: kati ya poti 24, yaani matundu ya kuchomekea kebo, poti nne ndizo zilikuwa kimya, na moja kati ya hizo ilikuwa na alama nyeusi ndani. Fundi mwenye haraka angesema ni mzigo wa kichina, akauza nyingine, akaondoka. Nikauliza hizo nne zilikuwa zinakwenda wapi. Mbili zilikwenda maabara ya kompyuta, moja kwenye kamera ya getini, moja kwenye kifaa cha Wi-Fi cha bwaloni. Zote nne zilitoka nje ya jengo la utawala. Zile 20 zilizobaki ndani hazikuguswa. Kwa hiyo ugonjwa ulipitia kwenye kebo za mtandao kutoka nje, na swali likawa kwa nini uliamua kutokea hapo.

Jibu la kwanza alinipa mama mhasibu, ambaye ofisi yake ndiyo iliyobeba raki, kabati la chuma la vifaa vya mtandao. "Mwanangu, hilo kabati lenu linauma," akasema. "Nikifungua dirisha kiwiko kikaligusa, linanitekenya mpaka begani." Alikuwa ameshaliwekea kitambaa cha meza juu yake ili lisimguse.

Nikachukua multimita, kipimo cha umeme, ncha moja kwenye chuma cha raki, ya pili kwenye bomba la maji la chuma lililopita ukutani. Ikasoma volti 108.

Namba hiyo ukiizoea inakupa habari nzima. Umeme wetu ni volti 230, na nusu yake ni 115. Ndani ya pawa saplai ya swichi, ya kompyuta, ya karibu kila kifaa chenye mwili wa chuma, kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele: moja inatoka waya wa moto kwenda kwenye mwili wa kifaa, ya pili inatoka nyutro kwenda kwenye mwili huohuo. Waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita ethi, ukiwepo, kile kiasi kidogo kinachovuja huteremka ardhini na hakuna anayekisikia. Waya huo usipokuwepo, mwili wa kifaa hukaa katikati ya moto na nyutro, nusu kwa nusu. Multimita ikipungua kidogo chini ya 115 ni kwa sababu yenyewe inanyonya umeme kidogo inapopima. Mkondo huo ni mdogo mno kumuua mtu, unatekenya tu. Hatari yenyewe ni nyingine: siku waya wa moto utakapolegea na kugusa chuma, hakuna breka itakayoshuka, na mama mhasibu atagusa kwa kiwiko volti 230 kamili.

Nilifuata njia ya umeme kurudi nyuma. Raki ilichomekwa kwenye ekstensheni, ekstensheni kwenye ekstensheni nyingine, na hiyo ya pili ilikuwa ya plagi ya pini mbili, iliyoingizwa ukutani kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi. (Sote tumefanya hivyo. Tundu lile la juu ndilo la ardhi, na kalamu ni ya plastiki.) Kwenye mkufu huohuo kulikuwa na printa na jagi la kuchemshia chai. Nikachomoa vyote, nikapeleka raki moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani kwa plagi ya pini tatu. Multimita ikasoma 107.

Basi tatizo halikuwa la ekstensheni peke yake. Fundi umeme wa shule, mzee aliyefanya kazi pale tangu majengo mawili ya kwanza, alinifungulia DB, sanduku la kugawia umeme. Ndani kila waya wa kijani na njano ulikuwa umefungwa vizuri kwenye baa yake, kazi safi kabisa. Tukatoka nje kutafuta nondo ya ardhi, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa udongoni. Nondo ilikuwepo, chini ya mgomba. Waya wa shaba uliotakiwa kuiunganisha na DB ulikuwa umekatwa juu na chini. Kipande cha katikati kilishakwenda kuuzwa kwa kilo. Lini, hakuna aliyejua. Taa ziliendelea kuwaka na soketi ziliendelea kufanya kazi, kwa kuwa ardhi ikikosekana hakuna kitu kinachozimika kukuambia.

"Shule imewaka miaka yote bila hiyo ethi," mzee akasema, akijitetea kidogo.

"Na swichi zimeungua mwaka gani, mzee wangu?"

Akacheka, akaenda kuleta jembe.

Kebo ya juu ya paa

Kabla ya mpango wowote ilibidi nielewe radi ilivyoingia. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi sana, na wenyeji hawahitaji kuambiwa hilo. Maabara ya kompyuta iko mita 70 kutoka utawala, ina DB yake na nondo yake ya ardhi, nzima. Kati ya majengo hayo mawili kulikuwa na kebo mbili za mtandao za shaba, za aina ya ndani, zimefungwa kwa waya wa kumbana kwenye kebo ya umeme na kuning'inia pamoja nayo.

Radi haihitaji kupiga jengo. Ikipiga mti wa jirani, mkondo unatawanyika ardhini, na ardhi ya hapa na ya pale haziwi tena na volti moja. Ukipita mkondo wa ampea 1,000 tu kwenye nondo yenye ukinzani wa omu 10, nondo ile inapanda volti 10,000 juu ya ardhi ya mbali, na radi ya kawaida hubeba makumi ya maelfu ya ampea. Poti ya etheneti ina transfoma ndogo ya kutenganisha, na viwango vinaitaka istahimili volti 1,500. Ukiyaunganisha majengo mawili kwa shaba, tofauti yote ya volti kati ya ardhi mbili unaitundika kwenye hiyo transfoma. Kwa upande wa raki isiyo na ardhi kabisa mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mshindo wa umeme ulioingia haukuwa na mlango wa kutokea isipokuwa kupitia swichi yenyewe kwenda kwenye nyaya za umeme.

Hapo nikampa mkuu wa shule jibu ambalo hakulipenda: kazi ya mtandao ni ya siku mbili, kazi ya umeme ni ya siku tano, na ya umeme inatangulia. Pia nikamwambia mimi sigusi DB. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na leseni zina madaraja yake. Mimi natoa mahitaji, yeye anachora saketi na kusaini. Nimeona majengo mengi ambayo fundi mtandao anadhani ardhi ni kazi ya fundi umeme, na fundi umeme anadhani vifaa vya mtandao ni "vitu vya volti ndogo" visivyomhusu. Katikati yao ndipo waya ule unapoibiwa na hakuna anayeutafuta.

Hesabu

Mzigo wa raki ulimshangaza kila mtu kwa udogo wake. Vifaa vitano vya Wi-Fi vinavyolishwa umeme kupitia kebo ya mtandao, wati 13 kila kimoja, ni 65. Kamera sita za wati 7 ni 42. Swichi yenyewe 30, mashine ya kurekodi kamera 25, ruta 15. Jumla 177, ukiongeza kinachopotea njiani kuwa joto, tuseme 200. Gawanya kwa 230 unapata chini ya ampea moja. Jagi la mhasibu la wati 2,000 linakula ampea 8.7. Mtandao wote wa shule ulikuwa sehemu moja ya kumi ya kikombe cha chai, na ndio uliokuwa umebanwa kwenye mkia wa ekstensheni ya jagi.

Kwa hiyo raki ilipewa saketi yake peke yake: breka ya ampea 16 ya mkunjo C, ile inayovumilia mshtuko wa kuwasha vifaa, na waya wa milimita za mraba 2.5. Umbali kutoka DB ni mita 28. Waya huo hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa hiyo hata siku wakiongeza vifaa hadi ampea 10, upotevu ni kama volti 5, asilimia 2 na kidogo. Soketi zilikuwa mbili tu, na zilipakwa rangi nyekundu. Niliomba nyekundu makusudi: mfagiaji asichomeke chombo chake hapo, na anayetafuta pa kuchaji simu aone aibu kidogo.

Raki ilihamishwa kutoka kwa mhasibu kwenda chumba kidogo cha kumbukumbu chenye dirisha na dari. Dari ilikuwa sharti langu. Betri za UPS, kifaa kinachobeba mzigo umeme ukikatika, hupimwa kwa joto la nyuzi 25, na kwa kanuni ya mafundi kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha ya betri karibu nusu. Stoo waliyonipendekezea kwanza ilikuwa bati tupu juu, na saa nane mchana ilikuwa tanuri. UPS yenyewe ikawa ya VA 1,000, ambayo kwa wati halisi ilikuwa 600. Wauzaji hutangaza namba ya kwanza kwa sababu ni kubwa. Inunue kwa ya pili.

Ardhi ndiyo iliyotuchukua siku nzima. Nondo ya zamani ilisoma omu 62. Mzee alipendekeza chumvi na mkaa, njia ya siku nyingi, na kweli inashusha ukinzani. Ila chumvi huoshwa na mvua na hula chuma. Bukoba na mvua zake ungeirudia kila mwaka, na nani atakumbuka? Tukapigilia nondo mbili nyingine za mita 1.5, tukaziachanisha mita tatu tatu, tukaziunga zote kwa waya mmoja uliopitishwa ndani ya bomba la plastiki lililozikwa, ili shaba isionekane na wenye macho. Tukapima: omu 24. Tulipima ardhi ikiwa imelowa, na kiangazi namba hiyo itapanda, kwa hiyo sikutaka hesabu inayoitegemea sana.

Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalipigii hesabu. Gawa 230 kwa 24: ampea 9.6. Waya wa moto ukigusa chuma cha raki, mkondo utakaokwenda ardhini ni ampea 9.6, na breka ya ampea 16 itakaa imetulia ikitazama. Nondo nzuri namna hii, peke yake, haimlindi mtu. Kinachomlinda ni RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi na kukata pale tofauti inapofika miliampea 30. Ardhi ipo ili hiyo tofauti itokee mapema, kabla mtu hajawa ndiyo njia.

Mzee alitaka RCD moja pale kwenye meni swichi, ifunike kila kitu. Ni rahisi na ni nafuu. Lakini kumbuka zile kapasita zinazovuja. Maabara ina kompyuta 24; chukulia miliampea 1 kila moja, jumla 24, na RCD ya miliampea 30 kwa mujibu wa viwango inaruhusiwa kukata mahali popote kati ya 15 na 30. Ingekuwa inatripu watoto wakiwasha kompyuta tu, na baada ya wiki mbili mtu angeifunga daraja kwa waya ili masomo yaendelee. Nimekuta RCD kadhaa zilizofungwa hivyo. Tukagawa maabara saketi nne za kompyuta sita sita, kila saketi na breka yake yenye RCD ndani, miliampea 6 kila moja, na raki nayo ikapata ya kwake. Fundi anayepanga hivi hataki uvujaji wa kawaida uzidi asilimia 30 ya kiwango cha kifaa, yaani miliampea 9. Tulikuwa ndani.

Faiba, kebo ya nyuzi za kioo, kati ya majengo haikuwa na mjadala kwangu. Mita 70 za faiba isiyo na chuma chochote ndani, si waya wa kubebea wala ngao, ndani ya bomba la chini. Kioo hakibebi umeme. Ardhi ya utawala ipande volti inavyotaka, maabara haitajua. Kifaa cha Wi-Fi cha bwaloni kikahamishiwa swichi ya maabara, kwa kuwa bwalo na maabara zimeungana kwa paa na zinatumia DB moja. Ndani ya utawala kebo za mtandao zilipewa njia yao, sentimita 20 kutoka kwa za umeme, na zilipolazimika kukutana zilikatizana kama msalaba. Kebo ya zamani niliitupa yote. Nilipoikwangua kwa kisu rangi ya shaba ilitoka na kubaki nyeupe: aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo inapitisha data ukiwa na bahati, lakini ukiipa kazi ya kulisha kamera umeme inapata moto.

Jenereta ilikuwa karibu inipite. Shule huiwasha saa za prepo umeme ukikatika. Nilikuwa nimeshafunga daftari nilipomuuliza mzee kama nyutro ya jenereta imeungwa na ardhi. Haikuwa. Chenji-ova ya pale, swichi ya kuhamia jenereta, hukata moto na nyutro vyote viwili, kwa hiyo shule ikihamia jenereta, nyutro inaelea hewani, na RCD zote tano tulizozipigania zinakuwa mapambo: umeme unaovuja hauna njia ya kurudi ilikotoka, basi hakuna tofauti ya kupima. Nyutro ikaungwa na ardhi pale kwenye jenereta yenyewe, na tukajaribu kila RCD jenereta ikinguruma.

Siku ya kuwasha

Kila saketi ilizimwa, breka ikatiwa kufuli, na funguo akakaa nayo mzee. Ile testa ya bisibisi yenye taa ndogo niliomba ibaki mfukoni: ikikaa kimya hujui kama waya umekufa au taa ndiyo imekufa. Tulitumia kipimo cha ncha mbili, kwanza kwenye soketi tunayojua ina umeme, halafu kwenye waya wetu, halafu tena kwenye soketi ile. Megger ya volti 500, kipimo cha kuona kama ngozi ya waya inavuja, ilipita kwenye nyaya kabla ya kifaa chochote kuchomekwa, maana megger na pawa saplai havipatani. Raki ikaungwa kwenye baa ya ardhi kwa waya wake wa milimita za mraba 6, na mlango wake vilevile, kwa sababu bawaba zilizopakwa rangi si za kutegemea.

Multimita kati ya raki na bomba la maji: volti 0.4. Nikamwita mama mhasibu aje aguse. Akagusa kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja.

Saketi ya tatu ya maabara ikatukatalia. Kila ilipowashwa kompyuta ya kwanza, breka ilishuka papo hapo. Nilitoa kompyuta moja moja nikitafuta mbovu, dakika arobaini, jasho. Mzee akanitazama, akaenda kwenye soketi ya mwisho, akaifungua, akanionyesha: nyutro ilikuwa imeazimwa kutoka saketi ya nne, kazi ya fundi wa zamani aliyepungukiwa waya. Umeme ulikwenda kwa njia moja ukarudi kwa nyingine, na RCD iliona hasara ambayo haikuwepo. "Hii niliifunga mimi," akasema baadaye, tukiwa tunakunywa chai. "Mwaka wa kwanza."

Jambo moja ambalo mtandao huu haukupona nalo ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Jumamosi ya kwanza uniti ziliisha usiku, UPS ikabeba raki kwa dakika 50, na mtandao ukalala. Mkuu wa shule alinipigia akidhani ni radi.

Kamera ya getini ilibaki kwenye shaba, mita 85, kwa kuwa fedha ya faiba ya pili haikuwepo. Nilimwandikia mkuu wa shule barua ya nusu ukurasa nikimweleza kwamba poti hiyo moja bado iko hatarini, akasaini nakala. Upande wa raki niliweka kinga ndogo ya mshindo kwenye kebo hiyo, waya wake wa ardhi ukiwa mfupi kadiri nilivyoweza, chini ya nusu mita, maana ukiuzungusha sana volti zinapanda ndani yake kabla ya kufika ardhini. Masika iliyofuata radi ilipiga karibu na lango. Kamera iliungua na kinga iliungua nayo. Swichi ya tatu ilikuwa bado inawaka poti zote, na mzee alikuwa ameshachomoa kinga iliyokufa na kuiweka kwenye bahasha yenye jina langu.